Nani Alimbatiza Mtoto Huyu?

Aldmere, Jumatatu, 25 Machi 1605

Mwaka mpya umeanza leo, na mvua imeanza nao. Baba amenipa karatasi zilizobaki za kazi ya dayosisi, zile zenye wino upande mmoja. Amesema mtu aliyefundishwa kuandika vizuri asipoandika kila siku, mkono wake huota kutu. Nina miaka kumi na minne. Nimejiahidi kuandika kweli tupu humu, hata kama kweli yenyewe inanisuta.

Karani wa baba ana homa ya mabwawani na mikono inamtetemeka, kwa hiyo sasa ninanakili mimi. Juma lililopita nilinakili maswali ambayo askofu hupeleka kwa kila parokia kabla ya ziara yake. Je, paa la kanisa linavuja? Je, kasisi ni mlevi? Je, wako wanaocheza mpira makaburini siku ya Bwana? Yako maswali hamsini na mawili, na wazee wa kanisa huyajibu kwa kiapo. Kansela Gedge, anayeamua kesi za kanisa kwa niaba ya baba, alizitazama herufi zangu akasema, "Binti wa Askofu ana mkono wa mwanamume." Nilifurahi siku nzima.

Kazi ya pili naipenda zaidi. Kila alasiri baba ananisimulia maisha yake nami nayaandika. Ana miaka hamsini na minane, na kifua kimekuwa kibaya. Ngazi za nyumba hii anazipanda kwa vituo viwili. Anataka ijulikane alikotoka. Nikimaliza nakala safi, ameahidi nitaanza kujifunza Kigiriki.

28 Machi

"Anzia shuleni," baba alisema, kwa hiyo tumeanzia shuleni. Babu yangu alikuwa fundi wa kuezeka mapaa huko Harrowdown, na baba alikuwa akimfungia mafungu ya majani mpaka mwalimu mmoja alipomsikia akiimba juu ya ngazi. Chuoni alikuwa akiwatumikia mezani vijana wa matajiri, kisha anakula mabaki yao akiwa amesimama, na kitabu kimeegemezwa kwenye jagi. Nilimwuliza kama aliona aibu. Akasema, "Njaa haikuniachia nafasi ya aibu."

31 Machi, Pasaka

Nyama, baada ya siku arobaini za samaki wa chumvi. Dada Ursula hakuweza kuitazama.

2 Aprili

Mvua. Niandike habari za dada Ursula. Ana miaka ishirini na minne, na mume wake, Kasisi Giles, ndiye msaidizi wa baba, kwa hiyo wanaishi nasi. Hii ni mimba yake ya tatu. Wa kwanza alizaliwa amekufa. Wa pili alipumua kidogo tu, kasisi akachelewa njiani, mtoto akaondoka bila ubatizo. Alizikwa nje ya ukuta wa kanisa bila sala, mahali ambapo watu hutupa magugu. Ursula hasemi lolote juu yake, ila akipita karibu na ukuta wowote wa kanisa huuona upande wa nje kwanza. Nimemchunguza. Ni hivyo kila mara.

Huyu wa tatu anatarajiwa mwisho wa Mei. Atapokewa na Mama Sibyl Cobbe, aliyenipokea mimi, na aliyemfumba mama macho siku ileile.

9 Aprili

Majibu ya parokia yamefika. Leo nilinakili ya Saltby. Paa zima. Kasisi mnyofu, ila ana homa. Halafu, chini ya swali la thelathini na nne, kama kuna mkunga yeyote aliyethubutu kubatiza: "Yuko. Sibyl Cobbe, mjane. Mwezi wa Februari alimbatiza mtoto wa Annis Pell, aliyekufa robo saa baadaye."

Kalamu ilidondosha wino. Zamani jambo hili halikuwa kosa. Mkunga aliapa mbele ya askofu kwamba mtoto akielekea kufa na kasisi hayupo, atatumia maji safi na maneno sahihi. Lakini mwaka jana Kitabu cha Sala kilibadilishwa. Sasa kinasema mhudumu halali, na mwanamke si mhudumu halali.

Swali la thelathini na nne niliandika mimi mwenyewe. Nakumbuka jinsi nilivyojivunia mkia wa herufi ya kwanza.

11 Aprili

Kansela Gedge alikula nasi. Ni mtu msafi sana, huifuta kila punje mdomoni. Alitaka Mama Sibyl aitwe mahakamani, anyang'anywe kibali cha ukunga na atengwe na kanisa.

"Ni mwanamke mwema," baba alisema.

"Sijasema ni mbaya, Baba Askofu. Nasema hana mamlaka. Yule mtoto hakubatizwa. Alioshwa."

Wageni wawili walicheka. Baba hakucheka. Aliweka kisu chini, akauliza kama kuna yeyote anataka bia zaidi, na kila mtu aliona kwamba jagi lilikuwa tupu.

12 Aprili

Mama Sibyl alikuja jikoni leo, maji yakimchuruzika kwenye koti, kumkanda Ursula miguu. Nilimwambia nilichonakili. Nilidhani atalia.

"Wazee wa kanisa wa Saltby!" alisema. "Wote wawili nimewapokea mimi. Yule Hodge alitangulia matako, na mpaka leo ndivyo anavyoingia katika kila jambo."

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Ursula naye alicheka, mara ya kwanza tangu Pasaka.

"Huogopi, mama?" nilimwuliza.

"Naogopa, mwanangu. Lakini ungemwona yule mtoto. Alikuwa bluu kama ua la kitani, na mama yake ananishika kiuno anasema, 'Sibyl, usimwache aende hivi.' Kasisi yuko kitandani anatetemeka na homa. Sasa ningefanyaje? Nimwandikie barua Askofu Mkuu?"

15 Aprili

Annis Pell mwenyewe amekuja. Ametembea kwenye tope kutoka Saltby, na nguo zimekuwa nzito mpaka magotini. Aliogopa kuomba kumwona baba, akaniuliza mimi kwenye mlango wa nyuma.

"Binti wa Askofu, wewe umesoma. Wanasema mtoto wangu aliingizwa makaburini kwa makosa. Wanasema atatolewa. Mwanangu yuko wapi sasa hivi?"

Nilijua anauliza mambo mawili, juu ya kaburi na juu ya roho. Nimefundishwa katekisimu yote, na historia ya Warumi, na kushona kwa hariri. Nilimpa mkate wa shayiri. Aliupokea kwa heshima, hakuula.

18 Aprili

Nitaandika polepole.

Maisha ya baba yamefika mbali. Tumepita miaka yake ya ukasisi. Tumepita siku alipohubiri mbele ya Malkia marehemu, naye akasema mahubiri yalikuwa mazuri ila mhubiri ana mke. Malkia hakupenda makasisi waliooa, kwa hiyo kwa ajili ya mama baba alingoja cheo miaka kumi na moja. Tumefika siku aliyofanywa askofu, miaka tisa iliyopita. Leo alisema kazi imekwisha.

Nikasema, "Bado mwanzo, baba. Tulianzia shuleni. Ulizaliwa siku gani, na ulibatizwa katika kanisa gani? Kila maisha ninayosoma yanaanza hivyo."

Alisimama dirishani. Mvua ilikuwa ikigonga vioo.

"Acha hapo," alisema.

"Nitaandika Harrowdown tu."

"Tamsin, nimesema acha."

Baba hajawahi kunipandishia sauti. Nilianza kukusanya kalamu, na machozi yakanitoka kwa ujinga tu. Basi akakaa, akanishika mkono wenye wino, akaniambia. Alizaliwa kabla ya wakati, hana sauti. Mkunga, mke wa mfuga nyuki, alichota maji kwenye chungu cha njegere, akambatiza jikoni. Asubuhi akawa bado yuko hai, na watu wakasahau habari ya kufa. Mwaka ule Harrowdown haikuwa na kasisi. Alipokuja mmoja baadaye, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza. Bibi yangu alimweleza baba haya akiwa anakufa, baba akiwa tayari na miaka thelathini na ni kasisi.

"Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukubatiza tena?"

"Hakuna. Wakati ule haikuwa shaka. Mkunga aliruhusiwa."

"Na sasa?"

Alitazama nje. "Sasa Gedge anasema mkunga haruhusiwi kwa sababu hawezi. Si kwamba haifai. Hawezi. Kama hawezi leo, hakuweza wakati ule. Na mtu asiyebatizwa hawezi kuwa kasisi, wala askofu. Nimewawekea mikono makasisi mia moja na kumi na watatu."

Alinisihi nisimwambie mtu. Nimeandika hapa kwa sababu nilijiahidi, na karatasi hizi nazifunga kwenye sanduku la nguo zangu za majira ya joto.

20 Aprili

Baba amemsimamisha Mama Sibyl. Asimshike mama yeyote mzazi mpaka baada ya Pentekoste, ndipo kesi isikilizwe. Kansela alitaka zaidi, Mama Sibyl alistahili kuachwa, kwa hiyo baba amekata katikati na kila upande umeumia.

"Nimemsimamisha tu, sijamtenga," aliniambia ingawa sikumwuliza.

Kwa Ursula ataitwa Bibi Frowde kutoka mjini, ng'ambo ya bwawa. Ana kibali na mikono baridi.

22 Aprili

Mvua. Sikuweza kumtazama baba wakati wa sala. Anaomba vizuri sana.

25 Aprili

Leo niliandika jina la baba mara tano katika nakala safi, na kila mara nilifikiri: aliyavumilia makombo ya matajiri, akamvumilia Malkia, akangoja miaka kumi na moja asimkane mama. Mtu huyo alikwenda wapi? Halafu nikajiona mwovu, kwa sababu mimi nami najua na nimenyamaza.

Mama Sibyl ameonekana akichimba karoti za mtu kwa kibarua. Sivyo, si karoti, ni turnipu. Nimejiahidi kweli.

30 Aprili

Maji yamepanda mpaka jiwe la tatu la tuta. Tuta ndilo njia yetu pekee ya kwenda mjini.

4 Mei

Baba na Giles wameondoka kwenda ziarani ng'ambo ya bwawa, siku nne tu. Ursula alisimama mlangoni akapunga mkono mpaka farasi hawakuonekana. Kisha akaniambia, "Mtoto ameshuka, Tamsin. Usimwambie mtu." Bado majuma matatu.

6 Mei

Leo ilikuwa siku ya watu kuzunguka mipaka ya parokia na kuombea mashamba. Hawakwenda. Mipaka iko chini ya maji. Tuta limefunikwa.

7 Mei, Jumanne

Ilianza baada ya staftahi. Ursula alikuwa akikunja vitambaa, akasimama ghafla, akasema "Lo," kwa sauti ndogo kama mtu aliyesahau ufunguo.

Mpishi alimtuma mtunza bustani akamwite Bibi Frowde. Alirudi amelowa mpaka kifuani. Alipojaribu tuta, hakuliona tuta. Mashua ya kinu cha kusagia nafaka imefungwa upande wa pili. Basi akapita kwa kasisi wa Saltby, aliye upande wetu wa maji. Kasisi alijaribu kuvaa viatu, akaanguka kwa homa, wakamrudisha kitandani.

Ursula alisema, "Niitieni Sibyl."

"Amesimamishwa, dada."

"Basi aje kama jirani. Jirani hakusimamishwa."

Mama Sibyl akaja kama jirani. Alikaa kwenye kiti karibu na moto, mikono imefungwa mapajani, akasema, "Mimi nimekuja kuota moto. Sijaja kufanya kazi." Alikaa hivyo labda robo saa. Kisha Ursula akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, naye akainuka, akakunja mikono ya nguo, akasema, "Moto wenyewe hauna joto," na hakukaa tena.

Wasichana hawaruhusiwi chumba hicho. Hakuna aliyekumbuka kunifukuza. Nilishika mkono wa Ursula, na pete yake imeacha alama kwenye kidole changu.

Mchana ulipita. Mama Sibyl alikuwa akimtania, "Sukuma, mke wa kasisi! Hapa hatutaki mahubiri marefu." Halafu akaacha kutania, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mtoto alitoka kabla ya saa kumi. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo mara mbili. Mama Sibyl alikifungua kwa haraka hata sikuona vidole vyake. Alimpuliza, akamsugua kwa kitambaa na mvinyo, akampiga nyayo. Mtoto alikuwa rangi ya risasi. Alivuta pumzi moja fupi kama kwikwi, kisha kimya. Kisha nyingine.

"Ni nini? Mbona halii?" Ursula alisema. "Sibyl, mbona halii?"

Mama Sibyl aliendelea kumsugua mtoto. Ndipo Ursula akasema, bila kelele, "Asiende nje ya ukuta. Nawaombeni. Si huyu naye."

Niliona uso wa Mama Sibyl. Alitazama bakuli la maji mezani. Alinitazama mimi, binti wa askofu aliyemsimamisha. Midomo yake ilianza kufunguka, na nikajua kwamba atasema, na kwamba safari hii hawatamsimamisha tu. Watamtenga, na hatapata wa kumuuzia mkate wala wa kumzika.

Nikasema, "Nyamaza, mama. Nitasema mimi."

"Mwanangu, wewe usi..."

"Mlete."

Alimleta. Nusu ya maji yalimwagika kwenye nguo yangu. Jina lilikuwa limeandaliwa Edmund tu, na huyu alikuwa msichana. Nikampa jina la mama yetu. Nilimwaga maji mara tatu kichwani, nikasema, "Margery, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Nilitamka kila neno waziwazi, kama nilivyofundishwa kusoma mbele ya wageni.

Mpishi akasema amina.

Tukangoja afe.

Pumzi moja. Nyingine. Mama Sibyl alimweka kifuani pa Ursula, ngozi kwa ngozi, akamfunika blanketi, akaanza tena kumsugua mgongo kwa vidole viwili, mfululizo, kama mtu anayeng'arisha kijiko. Sijui ulikuwa muda gani. Kisha ikatoka sauti ndogo ya kukwaruza, kama mlango wa kabati. Alikuwa akilia.

8 Mei

Anapumua.

9 Mei

Anapumua. Amenyonya. Nimetambua nilichofanya, na siwezi kula.

11 Mei

Baba na Giles walivuka kwa mashua ya kinu. Giles alipanda ngazi mbili mbili. Baba alibaki chini akitafuta pumzi, na mimi nikamwambia hapohapo ukumbini, koti lake likiwa bado linachuruzika. Nilimwambia Mama Sibyl alikuwepo kama jirani, na kwamba maneno yalikuwa yangu, na maji yalikuwa yangu.

Aliniuliza mambo mawili tu. "Ulitumia maji?" Ndiyo. "Ulilitaja jina la Utatu?" Ndiyo, baba.

Aliweka mkono juu ya kichwa changu na kuuacha hapo. Ulikuwa mzito. Sikujua kama ni baraka au alikuwa anajiegemeza.

13 Mei

Kansela amekwishasikia. Nani asiyesikia?

Kitabu cha Sala kinaagiza kwamba mtoto aliyebatizwa nyumbani akipona, aletwe kanisani, na mhudumu aulize mbele ya watu wote nani alimbatiza, kwa maji gani, kwa maneno gani. Majibu yakiridhisha, mhudumu hutangaza kwamba yote yalifanywa sawasawa. Yakiwa na shaka, humbatiza upya akianza kwa kusema, "Ikiwa hujabatizwa bado."

"Ni neno moja tu, Baba Askofu," Kansela alisema. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi. "'Ikiwa.' Linamlinda mtoto, linamlinda binti yako, linakulinda wewe. Nani atadhurika?"

"Annis Pell," baba alisema.

"Nani?"

Baba alitaja siku tu. Itakuwa Jumapili ya Pentekoste, naye ataongoza mwenyewe.

16 Mei

Giles anataka neno "ikiwa". Ursula hataki. Wanazungumza kwa upole sana, na hilo ni baya kuliko ugomvi. Baba anawasikiliza. Anakohoa. Maji yanashuka, tope linanuka.

18 Mei

Nimejifunza majibu yangu kwa moyo, ingawa ni mafupi. Nikisema kweli, je, ni mimi nitakayemwangusha baba? Akisema "ikiwa", mimi na Mama Sibyl tutakuwa salama, na mtoto wa Annis atakuwa ameoshwa tu.

19 Mei, Pentekoste

Kanisa kuu lilijaa. Tope la Saltby, la Aldmere na la mjini lilikuwa sakafuni. Ursula hakuwepo, kwa kuwa hajamaliza mwezi wake wa uzazi. Giles alimbeba mtoto. Mama Sibyl alikaa nyuma kabisa, na Annis Pell alikaa karibu naye. Kansela alikaa mbele.

Baba alisimama kwenye birika la ubatizo akauliza kama kitabu kinavyoagiza.

"Nani alimbatiza mtoto huyu?"

Nilisimama. "Mimi, Baba Askofu. Thomasin Thirkell." Hilo ndilo jina langu kamili; Tamsin ni la nyumbani.

Watu walinguruma kama ng'ombe wakiona maji. Mtu mmoja nyuma alisema, "Si ni katoto kenyewe!" na mwingine akamwambia afunge mdomo.

"Nani walikuwepo?"

"Mama yake, mpishi wetu Goody Marsh, na Sibyl Cobbe, jirani."

"Ulimbatiza kwa kitu gani?"

"Kwa maji, Baba."

"Kwa maneno gani?"

Nikayasema. Sauti haikutetemeka.

Baba alifungua ukurasa. Kansela aliinamisha kichwa, kama mtu anayengoja kusema amina. Baba akasema, "Nawathibitishia kwamba katika jambo hili yote yametendeka sawasawa na kwa utaratibu unaopasa."

Kansela alisimama. Hakupaza sauti. "Baba Askofu, kwa mkono wa msichana? Kitabu kinasema mhudumu halali. Nakuomba kwa heshima zote, sema 'ikiwa'."

Baba alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Mwaka elfu moja mia tano arobaini na saba," alisema, "katika kijiji cha Harrowdown, mkunga mmoja, mke wa mfuga nyuki, alichota maji kwenye chungu cha njegere akambatiza mtoto wa mwezekaji mapaa. Hakuna kasisi aliyeuliza, wala aliyerudia. Mtoto yule ndiye mimi. Sina ubatizo mwingine."

Baba hakukohoa hata mara moja, akamgeukia Kansela.

"Kansela Gedge, miaka sita iliyopita ulipiga magoti pale, nikakuwekea mikono ukawa kasisi. Nikianza kusema 'ikiwa' leo, itabidi nianze na nafsi yangu, kisha nije kwako, kisha nizunguke dayosisi nzima kwa kila uliyemzika na kila uliyemfungisha ndoa. Unataka nianze?"

"Jambo hili lingesemwa faraghani," Kansela alisema, mweupe kabisa.

"Lingesemwa mwezi wa Aprili. Niliogopa. Mjane akakosa kazi yake kwa sababu ya hofu yangu, na mama mmoja akalala siku arobaini hajui mwanawe yuko wapi." Alitazama nyuma ya kanisa. "Annis Pell, mwanao yuko alipolazwa, ndani ya ukuta, na atabaki hapo. Alibatizwa kama nilivyobatizwa mimi."

Annis hakulia. Aliinama mbele mpaka paji la uso likagusa benchi.

Baba alimchukua Margery kutoka kwa Giles, akamwekea alama ya msalaba. Mtoto alipiga chafya.

Ulipofika wakati wa meza ya Bwana, Kansela alibaki amesimama mahali pake. Makasisi tisa waliokuwepo walitazamana. Mmoja akaja kupiga magoti, kisha wengine. Wawili hawakuja. Kansela akachukua kofia yake akatoka, na tukasikia farasi wake kwenye tuta kabla zaburi haijaisha.

20 Mei

Amekwenda kwa Askofu Mkuu. Sijutii. Naandika hivyo nione kama ni kweli. Ni kweli.

23 Mei

Makasisi wanne wameandika wakitaka kujua kama wao ni makasisi. Baba anawajibu mmoja mmoja kwa mkono wake. Alikuwa hajawahi kupanda ngazi kwa kituo kimoja, lakini leo alipanda.

27 Mei

Barua ya Askofu Mkuu imefika leo asubuhi, yenye lakiri nyekundu, kubwa kama biskuti. Giles aliiweka mezani mbele ya baba, nasi tukasimama kama watu wanaongoja daktari.

Wakati huohuo mkulima mmoja kutoka Saltby aliingizwa, kofia mkononi, anahema. Mke wake ameshikwa na uchungu. Bibi Frowde yuko mjini kwa mwingine. Alitaka kujua, kwa unyenyekevu, kama Mama Sibyl bado amesimamishwa, maana Pentekoste imekwishapita na hakuna aliyetangaza lolote.

"Karatasi, Tamsin," baba alisema.

"Baba," Giles alisema, "soma barua kwanza. Pengine huna tena mamlaka ya kuandika hicho."

"Ndiyo maana naandika kwanza. Mpaka niivunje lakiri hiyo, mimi ni askofu."

Aliandika kibali kipya mistari mitatu, akatia sahihi, akabonyeza mhuri wake. Kisha akafikiri, akaongeza mstari wa nne. Nilisoma juu ya bega lake, wino ukiwa bado unang'aa: *Na maji safi yawe karibu wakati wote.*

Mkulima alikimbia nayo. Baba alimsikiliza mpaka hatua zake zikaisha uani, ndipo akanyoosha mkono kuichukua barua.